Kusoma sera ya tabianchi kuanzia jukwaani hadi kwenye kasma

Anayelitaja tatizo ndiye anayechagua dawa yake, na mara nyingi ndiye anayeamua nani alipe na nani ahame. Mafuriko ya Jangwani, katika Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, yakiitwa uvamizi wa bonde, litaletwa tingatinga. Yakiitwa ubovu wa mifereji, ataitwa mkandarasi. Yakiitwa athari za mabadiliko ya tabianchi, litaandikwa andiko la mradi la kuombea fedha nje. Maji ni yaleyale, na nyumba zinazoingiliwa ni zilezile.

Mwongozo huu ni wa mjumbe wa kamati ya mazingira ya mtaa, mwandishi wa habari, mwanafunzi au diwani anayetaka kujua wazo la kisiasa linavyosafiri kutoka kwenye hotuba hadi kwenye kasma, yaani kifungu cha fedha kwenye bajeti, na wapi anaweza kulidaka njiani. Unahitaji siku mbili za kusoma, daftari, kifurushi cha intaneti cha kupakulia PDF nzito, na subira. Hakuna hesabu ngumu.

Anza na jambo moja

"Tabianchi Dar es Salaam" si jambo, ni maktaba nzima. Chagua kitu unachoweza kukionyesha kwa kidole: mkaa wa kupikia, Bonde la Msimbazi, mabasi ya mwendokasi, kuta za kuzuia bahari pale Ocean Road na Kigamboni, au gesi asilia ya Lindi. Kisha tafuta nyaraka nne zinazolihusu, zisizidi hapo mwanzoni:

1. Inayosemwa kwa dunia. Huu ni Mchango wa Taifa, yaani ahadi ya nchi kuhusu tabianchi, chini ya Mkataba wa Paris. Ule wa Julai 2021 uliahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030. Angalia pia kwenye rejista ya mkataba kama kuna toleo jipya zaidi.
2. Inayosemwa kwa Bunge. Hii ni hotuba ya bajeti ya Ofisi ya Makamu wa Rais (Muungano na Mazingira), au ya wizara husika kama Nishati.
3. Yenye meno. Ni sheria au kanuni. Mama wa zote ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004.
4. Yenye fedha. Ni vitabu vya makadirio ya bajeti vya Wizara ya Fedha, hasa Juzuu ya Nne ya matumizi ya maendeleo.

Usizichanganye nguvu zake. Sera inatangaza nia na mkakati unapanga kazi, lakini hakuna anayeshtakiwa kwa kukiuka mkakati. Kanuni inaadhibu. Halafu kuna tamko la kiongozi, ambalo vitabu vya sheria hulipa nafasi ndogo ila mitaani lina mbio kuliko vyote. Mifuko ya plastiki ndiyo mfano mzuri: Waziri Mkuu alitangaza marufuku yake bungeni Aprili 2019, kanuni zikatungwa, na ilipofika Juni 1 Kariakoo nzima ilikuwa inauza vikapu. Marufuku ya mkaa ya mwaka 2006, kwa upande mwingine, haikudumu. Mfuko wa plastiki ulikuwa na mbadala wa bei ndogo siku hiyohiyo. Mkaa haukuwa nao, na hakuna aliyekuwa tayari kusimama jukwaani kuwakabili wapishi wa mji mzima wasiokuwa na moto. Ukisoma tamko lolote, jiulize kwanza kama mbadala upo dukani.

Daftari la safu tano

Chora safu tano. Ya kwanza: tatizo limetajwa kuwa nini. Ya pili: nani amesababisha. Ya tatu: nani atafanya kazi. Ya nne: nani atalipa, kwa fedha au kwa kuhama. Ya tano: nini au nani hakutajwa kabisa. Soma waraka aya kwa aya, na kila aya inayogusa jambo lako ipewe mstari mmoja. Andika namba ya ukurasa, maana utaihitaji utakapoulizwa. Hotuba ya kurasa themanini kwa kawaida haitoi zaidi ya mistari kumi na miwili kwa jambo moja. Ukipata arobaini, jambo lako ni pana mno, rudi ulipunguze.

Tufanye Msimbazi. Mvua za Desemba 2011 ziliua watu zaidi ya 40 jijini, na Serikali ikawapa waathirika viwanja Mabwepande. Kwenye daftari, lugha ya kipindi kile inaingia kama janga: tatizo ni mvua kubwa, msababishi hayupo (mvua haishtakiwi), mtendaji ni Serikali ya maafa, na mlipaji ni Serikali pamoja na mwathirika anayeondoka karibu na riziki yake ya katikati ya mji kwenda pembezoni. Safu ya tano: nauli ya kurudi mjini kila asubuhi.

Njoo Desemba 2015. Nyumba za bondeni zinapigwa X nyekundu, na ubomoaji unaanza. Tatizo sasa ni ujenzi ndani ya eneo la hifadhi ya mto. Msababishi amepatikana: ni mkazi. Jina lake limebadilika kutoka "mwathirika" kuwa "mvamizi", ingawa wengine ni watu walewale, kwenye nyumba zilezile. Safu ya nne inajazwa na yeye mwenyewe, kwa sababu mvamizi halipwi fidia. Safu ya tano: nani aliuza viwanja vile, nani alivuta umeme na maji hadi pale, nani alikusanya kodi ya majengo.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia inaidhinisha mradi wa kuendeleza bonde hilo, wenye jumla ya takriban dola milioni 260, milioni 200 kati yake zikiwa mkopo wa Benki yenyewe na zilizobaki zikitoka Uholanzi na Hispania. Tatizo limegeuka tena: ni mji kutostahimili mafuriko na kupoteza thamani ya ardhi nzuri katikati ya jiji. Wanaotenda ni wahandisi: kupanua mto, kuinua daraja la Jangwani, kuhamisha karakana ya mwendokasi iliyokuwa ikizama, kutengeneza bustani. Mkazi sasa ni "mtu aliyeathiriwa na mradi", na jina hilo lina masharti ya mkopeshaji nyuma yake: tathmini, fidia, dawati la malalamiko. Hakuna kiongozi aliyeamka siku moja akawa na huruma zaidi kuliko waliotangulia. Jina limebadilika kwa sababu mwenye fedha amebadilika, na mwenye fedha ana kanuni zake.

Hata hivyo safu ya tano bado ina kazi. Tafuta neno "mpangaji". Bondeni kuna watu wengi waliopanga chumba kimoja, na sheria ya ardhi imejengwa kumtambua mwenye ardhi na mwenye jengo. Waraka ukisema "kaya" bila kusema kama mpangaji ni kaya, uliza. Hilo ndilo pengo ambalo maoni ya mtaa yanaweza kuliziba, na tutalirudia.

Mkaa, na mtungi wa kilo 6

Makadirio ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 yalisema karibu nusu ya mkaa wote wa Tanzania unaishia Dar es Salaam. Kwa miaka mingi tatizo lilitajwa kama la misitu: miti inakatwa, basi mchomaji azuiwe na gunia likamatwe kizuizini. Siku hizi limetajwa upya kama suala la afya ya mama na heshima ya jiko lake. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua hapa Dar Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo 2034, na siku chache baadaye alikuwa Paris kama mwenyekiti mwenza wa mkutano wa kimataifa kuhusu jambo hilohilo.

Utajo huu wa pili, yaani namna hii ya kulitaja tatizo, una nguvu kwa sababu umebeba watu wasiokaa meza moja kwa kawaida. Mhifadhi wa misitu yumo, daktari wa mapafu yumo, kikundi cha wanawake kimo, muuza gesi yumo, na mnunuzi wa kaboni (anayelipia hewa ukaa iliyoepukwa) anasubiri pembeni. Kila mmoja ana sababu yake, ila wote wanalitamka "nishati safi" bila kukwazana. Kwenye daftari lako wape ukurasa wao, kila mmoja na anachopata, kisha utafute mahali watakapoachana. Hapa wataachana kwenye gesi ya mitungi. Inatokana na mafuta na gesi asilia, inaingia kwa meli, na bado inahesabiwa safi kwa kuwa inaokoa mti na pafu. Mtetezi wa umeme na yule wa mtungi wako pamoja leo tu.

Sasa angalia ruzuku imeangukia wapi. Serikali ilisambaza mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku ya asilimia 50. Hiyo ni dawa ya tatizo lililotajwa kama ukosefu wa vifaa. Simama kwa muuza mkaa wa rejareja Manzese saa kumi na mbili jioni uone tatizo lenyewe linavyonunuliwa: kopo moja, la kupikia usiku huo, kwa fedha iliyopatikana mchana huo. Kujaza mtungi kunadai elfu ishirini na kitu kwa mkupuo. Anayepata fedha kwa siku hanunui kitu cha wiki tatu, hata kama kwa hesabu ya mwezi kingemgharimu kidogo. Tatizo lingetajwa kama la mkupuo wa fedha, dawa ingekuwa gesi ya kulipia kidogo kidogo kwa mita, au ruzuku kwenye kujaza. Mtungi mtupu uliogeuzwa kigoda uvunguni mwa meza si ujinga wa mwenye nyumba. Ni safu ya kwanza iliyojazwa vibaya.

Maneno yanayotoka nje na yanavyobadilika yakifika

Mawazo matatu ya kimataifa utayakuta karibu kila waraka wetu.

La kwanza ni haki. Mkataba wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa wa 1992 ulikubali kwamba nchi zote zina wajibu, ila haulingani. Tanzania hutoa chini ya nusu tani ya hewa ukaa ya nishati za kisukuku kwa kila mtu kwa mwaka, wakati Marekani ni zaidi ya tani kumi. Ndiyo maana malengo yetu makubwa yamefungwa kwenye msaada wa nje. Dola bilioni 100 kwa mwaka zilizoahidiwa kwenye mkutano wa tabianchi wa Copenhagen mwaka 2009, na bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035 zilizokubaliwa kwenye ule wa Baku mwaka 2024, ni fedha za nchi zote zinazoendelea kwa pamoja, zikiwemo za mikopo. Wazo la haki ni la kweli, lakini lina matumizi ya pili ambayo msomaji makini hayapuuzi: linaweza kuwa sababu ya kutofanya hata lile lisilohitaji dola, kama kuzuia kifusi kumwagwa mtoni.

La pili ni mpito. Maandishi ya mkutano wa tabianchi wa Dubai wa 2023 yaliitaka dunia iachane na nishati za kisukuku katika mifumo ya nishati. Aya ya 28 ndiyo iliyotangazwa na vyombo vya habari. Aya ya 29, inayofuata palepale, inatambua kwamba kuna nishati za mpito zenye nafasi yake. Anayetetea gesi ya Lindi anasoma ya 29, anayeipinga anasoma ya 28, na wote wawili wanasema "dunia imekubaliana". Ukisikia kauli hiyo, omba namba ya aya.

La tatu ni mamlaka ya nchi. Bunge la Ulaya lilipopitisha azimio Septemba 2022 dhidi ya bomba la mafuta ghafi la Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye kilomita 1,443, mjadala hapa uliacha kuwa wa mabomba na fidia ukawa wa nani anatuamulia. Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, lilipita njia hiyo pia: lilipingwa nje kwa ajili ya hifadhi ya wanyama ya Selous, likatetewa ndani kama umeme wa viwanda na kujitegemea. Leo bwawa hilohilo linatajwa kwenye meza za tabianchi kama nishati jadidifu. Zege halikubadilika. Na hapa tuseme tunavyoona: mjadala ukishahamia kwenye uhuru wa nchi, mwananchi mwenye swali dogo la fidia huwa ndiye wa kwanza kukosa nafasi ya kusema, kwa kuwa swali lake litasikika kama la mgeni.

Asilimia ya nini?

Lengo la asilimia 30 hadi 35 linapimwa dhidi ya makadirio ya 2030 iwapo hakuna kitakachofanyika, halipimwi dhidi ya hali ya leo. Chukua namba za mfano: nchi inatoa 100 leo, inakadiriwa kufika 160 mwaka 2030. Ikipunguza asilimia 30 ya 160, itatoa 112. Imetimiza ahadi, na imeongeza. Kwa nchi inayokua hilo halina aibu, ila usiandike "Tanzania itapunguza uzalishaji wake kwa theluthi", kosa ambalo limechapishwa mara nyingi. Makadirio yenyewe nayo ni uamuzi wa kisiasa: kadiri yanavyopandishwa juu, ndivyo ahadi inavyokuwa rahisi.

Kwenye kitabu cha bajeti

Hapa wengi huishia njiani, na hapa ndipo penye ukweli. Kila taasisi ina namba yake kwenye bajeti, iitwayo fungu; Ofisi ya Makamu wa Rais ni Fungu 31. Fungua makadirio yake ya maendeleo, halafu usishangae ukikuta kidogo. Fedha nyingi za tabianchi zimekaa kwa majina mengine: mradi wa Msimbazi unatekelezwa na TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) chini ya TAMISEMI (ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), mitungi ya gesi ilipitia Wakala wa Nishati Vijijini, mwendokasi una wakala wake. Tafuta kwa jina la mradi, si kwa neno tabianchi.

Kwa kila mradi nakili vitu vinne: namba ya mradi, fedha za ndani, fedha za nje, na kama za nje ni mkopo au ruzuku. Fedha za ndani zikiwa sifuri, au alama tu ya kuonyesha mradi upo, wazo hilo bado ni mgeni nyumbani, hata kama hotuba imelisifu kurasa tatu. Kisha fungua hotuba ya mwaka unaofuata utafute kiasi kilichopokelewa hadi Machi. Tofauti ya kilichoidhinishwa na kilichotoka ndicho kipimo kizuri kuliko vyote. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inayowasilishwa bungeni Aprili, hukusaidia kuthibitisha. Soma na zile za ukaguzi wa ufanisi.

Linganisha pia na vitenzi vya hotuba. "Imetenga" ina kiasi nyuma yake. "Itatenga kadiri fedha zitakavyopatikana" haina. "Upembuzi yakinifu unaendelea" inaweza kuendelea kwa chaguzi mbili.

Watu wanapokosea

Kuhesabu mara ngapi neno limetajwa ni kosa la kwanza, na programu za kompyuta zimelirahisisha mno. Hotuba inaweza kutaja wanawake mara thelathini bila kuwapa kasma hata moja. Hesabu watendaji na walipaji.

La pili ni kusoma toleo la Kiingereza peke yake. Waraka wa kupeleka nje husisitiza udhaifu wetu, kwa sababu unaomba. Hotuba ya Bungeni husisitiza mafanikio, kwa sababu inajibu. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli, ila ukisoma kimoja utadhani umeelewa nchi.

La tatu ni kudhani maneno ndiyo kila kitu. Mradi unaweza kukwama kwa kesi ya ardhi, zabuni au mvua yenyewe. Kama daftari linaeleza kila tukio bila kubakiza hata moja, limejazwa kwa kulazimisha.

Kuingiza utajo wenu

Wakati ni nusu ya kazi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Vipaumbele vya mtaa na kata huingia kwenye mpango wa halmashauri miezi mingi kabla, kwa kawaida kuanzia Novemba. Kamati za Bunge huchambua makadirio Machi. Aprili hadi Juni ni mjadala, na kufikia hapo mnaweza kubadilisha maneno zaidi kuliko fedha. Kwa muswada, matangazo ya kuita wadau huja na siku chache sana, hivyo andaeni karatasi yenu kabla ya kuitwa.

Kurasa mbili zinatosha. Ya kwanza iseme tatizo kwa jina lenu, na ushahidi mliojipimia wenyewe: alama ya maji ukutani kwa sentimita, tarehe, idadi ya vyumba na wangapi ni wapangaji. Ya pili ipendekeze maandishi. "Tunaiomba Serikali iwaangalie wapangaji" haina mahali pa kubandikwa. Andikeni hivi: "Kwenye aya ya 4, baada ya neno 'wamiliki', yaongezwe maneno 'na wapangaji waliokuwepo siku ya tathmini', na posho ya usafiri iwahusu wote." Karani anaweza kunakili hilo lilivyo. Mwisho taja fungu na mradi utakaobeba gharama, maana pendekezo lisilo na kasma hujibiwa kwa "limepokelewa".

Tumieni lugha yao pale inapowabeba. Ikiwa mradi unajiita wa ustahimilivu, onyesheni kwamba mpangaji aliyefukuzwa bila posho atahamia bonde jingine, labda Mto Mlalakuwa au Kizinga, na mafuriko yatamfuata huko.

Barua ipitie ofisi ya serikali ya mtaa ipigwe mhuri, nakala iende kwa diwani, mkurugenzi wa halmashauri na mbunge. Bakini na nakala yenye mhuri wa kupokelewa na tarehe. Mkinyimwa waraka, ombeni kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, mkitaja waraka kwa jina na mwaka. Taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30, na inaweza kuwadai gharama za kutoa nakala. Wakikataa, ombeni mapitio kwa mkuu wa taasisi, kisha rufaa kwa Waziri. Ombi la "taarifa zote za mradi" hukataliwa kirahisi. Ombi la "jedwali la fidia, kata ya Mchikichini, mwaka fulani" ni gumu kulikwepa.